Sauti ya Baba Imetoka Chini

Istanbul

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na baba naye shikamoo yake. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna miguu. Goti lako je, bado linakusumbua ukienda kuteka maji? Nimeamua kuandika, maana kwenye simu ungenipoza kwa maneno mawili nikanyamaza.

Hapa studio ninapofanya kazi kuna kichwa cha sanamu ambacho ungekiona ungetoka mbio. Hakina macho wala mdomo, kina masikio tu, na ndani ya kila sikio kuna maiki. Kinanasa sauti kama mtu anavyosikia: ukivaa hedifoni unajua nani yuko mbele, nani nyuma, nani amesimama, nani amekaa. Vile vimaiki nilivyomtumia kaka Hamisi vinafanya kazi hiyohiyo, ila kichwa kinakuwa chake mwenyewe. Ndiyo maana Jumapili ile alipotoka Kongowe kuja kuwaona alivivaa masikioni akazunguka nyumba nzima, nanyi mkamcheka.

Rekodi yake nimeisikiliza mara nne. Nilifumba macho nikawa nyumbani Maneromango. Ulikuwa kushoto kwangu unakuna nazi, ukamwita Hamisi aonje mboga, nami nikageuza shingo kukutazama. Nililia, mama, sikufichi.

Kisha baba akaongea. "Mwambie mdogo wako nimetoka shamba sasa hivi, nimesimama hapa mlangoni, sina neno."

Mama, sauti ile haikutoka mlangoni. Ilitoka chini, usawa wa magoti ya Hamisi, na kitanda cha kamba kililia baba alipojigeuza. Kuku wa mlangoni walisikika mbali, nje ya ukuta. Mlijipanga vizuri nyote watatu, lakini njia ya mwongo ni fupi. Nisamehe kwa kukwambia hivyo.

Nikampigia Hamisi. Alijikanyagakanyaga, mwisho akasema baba hajasimama tangu mlipovuna mahindi, na kwamba wewe ulimkataza kuniambia, nisije nikaacha kazi. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe.

Sina hasira. Najua mlinihurumia. Ila nilikasirika siku moja nzima, halafu nikakumbuka jinsi unavyotupenda, ikaisha. Ninachoomba ni kimoja: msinifiche tena baba yangu. Mkinificha mnaniweka mbali kuliko hapa nilipo.

Nimeomba ruhusa, nimepewa wiki tatu. Nakuja mwezi ujao.

Nisalimie shangazi, nasikia ndiye anayemkanda baba miguu kila asubuhi; Mungu ampe nguvu. Msalimie na wifi yangu wa Kongowe, mwambie namshukuru kwa kuwaachia mumewe kila Jumapili.

Na baba mwambie asijikongoje kuja kunipokea mlangoni. Nitaingia mpaka ndani, nitakaa sakafuni, usawa wa sauti yake.

Mwanao akupendaye,
Mwajuma