Gari la Wawira na Ombi la Alhamisi

Wawira mwanangu,

Gari lako nimeenda nalo. Usipige simu, ninaendesha.

Ng'ombe nimekamua. Maziwa yako kwenye sufuria kubwa, uyachemshe. Mama yako akiamka mpe chai, na usimwambie kitu kwanza.

Alfajiri nilitaka tu kukisogeza hicho kigari chako ili nitoe pikapu. Nikakanyaga mafuta kidogo, turbo ikapiga mluzi, na kufumba na kufumbua niko Kianjokoma! Wawira! Kumbe ile kona ya kiwanda cha majani chai mtu anaweza kuipita bila kugusa breki? Zile springi ulizofunga, nilizosema ni za kuvunja watu mgongo, zinashika lami kama kupe. Niliporudi nikaliacha lingurume dakika mbili kabla ya kulizima, vile wewe hutuhubiria kila siku. Oili nimepima, iko sawa.

~~Ile ekzosi ya kelele uitoe kabla ya Jumapili.~~ Usiiguse.

Sasa usikasirike. Wiki iliyopita niliandikisha ombi kwenye ushirika wetu wa maombi wa Alhamisi, kwamba Bwana akuguse moyo uuze gari hili. Wanaliombea leo saa moja asubuhi, simu wamezima, na wale akina mama wakiomba jambo huwa linatendeka. Nimekimbia kuliondoa ombi hilo kabla hawajafumba macho.

Kwa pikapu ningechelewa.

Baba yako, mzee wa kanisa