Nimemkana Madoa Mbele ya Gwaride

Kwako Bibi Stara, mshauri wetu mpendwa wa gazetini,

Shikamoo Bibi. Naomba msaada, na naomba uniwahi, maana zimebaki siku nane tu.

Mimi naitwa Yotham Ndahani, Mgogo wa upande wa Mtera, mwanafunzi mpya katika chuo cha walimu kilicho mwendo wa siku moja kutoka hapo Dodoma mjini, na ndevu nimeshaanza kunyoa, kwa hiyo si mtoto, ingawa haya nitakayokueleza utasema ni ya mtoto. Kabla ya mvua ilikuja barua nyumbani kwamba nimekubaliwa, na barua ile ilisema kila mwanafunzi aje na shuka mbili, bakuli, kijiko, sabuni, na kitu chochote ambacho hawezi kuishi bila hicho, basi mimi nikakaa nikafikiri, kwa moyo mweupe kabisa Bibi, nikaona kitu nisichoweza kuishi bila hicho ni Madoa.

Madoa ni ng'ombe. Mama yangu alipokuwa mgonjwa aliniachia ng'ombe huyo mbele ya watu wote wa nyumbani, akafariki, nami nikakua kwa maziwa yake, ndiye niliyemsimulia mambo yangu yote tangu utoto, lakini baba mdogo Silvano anatafuta mke wa pili na tangu mwaka jana anamtazama Madoa kwa jicho la mahari, nikajua nikimwacha, siku nikirudi likizo nitakuta kamba. Kwa hiyo nikatembea naye siku sita, shuka na bakuli nimemfungia yeye mgongoni, tukafika salama, na pale mlangoni nikawaona wenzangu wapya walioshuka gari la moshi wamejipanga na masanduku ya bati, wametokea Kilosa na Tabora na pwani, viatu vinang'aa, na mmoja anaitwa Seth wa Bagamoyo akanitazama miguu akasema, "Huyu kaja kusoma au kaja kuchunga?" hata ng'ombe hajamwona, maana alikuwa nyuma kichakani anakula, Bibi, nikaona haya, nikarudi nyuma nikamficha Madoa korongoni nyuma ya tanuru la matofali, na huko amekaa wiki tatu, alfajiri nakwenda kumkamua na kunywa, kisha narudi darasani na hesabu zinaingia vizuri.

Sasa juzi tulikuwa kwenye gwaride, tunajifunza kuimba kwa ajili ya sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wajerumani, na mimi nimewekwa mbele kwa sababu nina sauti, na Madoa sauti yangu anaijua, akakata kamba, akaja. Akapita katikati ya mistari, akapita watu arobaini na wawili bila kumgusa hata mmoja, akasimama mbele yangu. Bwana Mkubwa wa chuo akauliza, "Ng'ombe wa nani huyu?" Akanigeukia mimi. Nikasema, "Simjui, Bwana." Na nilipokuwa nasema hivyo, Bibi, Madoa alikuwa ananilamba kichwa.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana Mkubwa hakucheka, alisema ng'ombe asiye na mwenyewe atafungwa penye ghala, na mwenyewe asipotokea atachinjwa siku ya sikukuu aliwe kwa wali. Amefungwa hapo mpaka leo. Kila nikipita analia, na mimi natazama pembeni. Seth ananiita Mama Ndama, na wali ule anausubiri kwa hamu. Nikisema ukweli nitafukuzwa kwa uongo, nikinyamaza nitakula nyama ya mama yangu, na hila iliyobaki ni kumfungua tukimbie wote wawili turudi Mtera, niache chuo. Nifanye nini?

Ni mimi mwanao mwenye aibu,
Yotham Ndahani

*

Yotham mwanangu,

Marahaba. Jibu hili nampa Mrisho mwenye punda akuletee mkononi, maana tukingoja gazeti litoke, Kaisari atakuwa amekwisha kuzaliwa na Madoa amekwisha kuliwa. Gazetini litafuata, liwafae wageni wengine wa vyuoni wanaolia ndani ya shuka.

Kwanza nimecheka. Nimecheka mpaka jirani yangu Kuluthumu akaja kuuliza kuna nini, nikamsomea, naye akacheka, halafu tulipofika pale ng'ombe anapokulamba kichwa, Kuluthumu akafuta macho kwa kanga akasema moshi. Jikoni hakukuwa na moto.

Sasa sikiliza. Kuja na ng'ombe chuoni si dhambi. Ni ujinga, na ujinga ndio uliokupeleka huko ukatolewe. Barua ilisema kitu usichoweza kuishi bila hicho, ukaleta. Wenzako wenye masanduku ya bati wameleta vioo vya kujitazamia, nani kamcheka mwenzake? Kosa lako ni neno moja tu, na umelisema kwa sababu ya viatu vya mtu wa Bagamoyo. Loo! Mnyama kapita watu arobaini na wawili kukutafuta wewe, nawe unamwambia Bwana humjui! Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Habari ya kukimbia ifute kabisa. Ukirudi Mtera baba yako mdogo atapata vyote viwili, mahari na mchungaji wa bure. Mama yako hakukuachia ng'ombe ili uwe mchungaji wa Silvano.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu huu. Leo jioni, masomo yakiisha, vuka korongo upande wa machweo, utaona tembe refu la paa bapa la udongo, lenye zizi la miiba. Hapo ni kwa Bartolomayo, Mgogo mwenzako, mtu mkali wa uso na mwepesi wa moyo, ambaye huniletea samli kila mwezi na hajaniletea mbovu hata siku moja. Piga hodi, kaa chini, wasalimie wakubwa mpaka salamu ziishe zenyewe, usizikatishe kama mtu wa mjini. Mtaje baba yako, utaje ukoo wenu, usimulie mama yako alivyokuachia Madoa, kisha umwombe amweke ng'ombe wako zizini kwake. Maziwa anywe yeye na watoto wake, ndama wawe wako, na Mungu akimchukua Madoa, akuletee ngozi uione kwa macho yako. Haya! Wewe Mgogo mzima, ufundishwe na mimi binti wa mwuza chumvi jinsi ya kuweka ng'ombe kwa mwenzako? Babu zako wamefanya hivyo tangu zamani, ng'ombe hawa hapa na wale kule, ili njaa au wizi usiwamalize kwa siku moja, na ili mtu akisafiri asikose mlango wa kugonga. Wewe umefika ugenini na ufunguo wa mlango mkononi, ukauficha nyuma ya tanuru la matofali.

Kesho asubuhi fua shati, nyosha kola, nenda kwa Bwana Mkubwa na Bartolomayo nyuma yako. Usiende bila kuwa na mahali pa kumpeleka, maana swali lake la kwanza litakuwa, "Utamweka wapi?" Mwambie hivi: Ng'ombe ni wangu, nilisema uongo kwa aibu, na huyu ndiye atakayemtunza. Kisha funga mdomo. Wanafunzi wengi huharibu kwa sentensi ya nne. Atakuadhibu, hilo usijidanganye. Pengine utafyatua matofali mwezi mzima, nawe ufyatue bila kununa. Lakini sijaona mwalimu anayemfukuza mtu aliyekuja mwenyewe mchana kweupe kusema kosa lake, na huyo wako, kwa jinsi ulivyomweleza, aliwapa siku zote hizo akingoja mtu fulani aje. Unadhani hakuona ulimi wa ng'ombe ulipokuwa?

Na kwa kuwa umeniuliza moja, nakupa na mengine. Bakuli lako litie alama kwa kisu leo hii, bakuli la chuoni halina ndugu. Mpishi mjue kwa jina kabla ya kumjua mwalimu wa hesabu. Sabuni usiazime, wala usiazimishe zaidi ya mara mbili. Shuka lililolowa usilalie, utapata homa utuletee matanga. Nyumbani andika kila mwezi, hata kama huna habari, na barua ya kwanza mwandikie Silvano mwenyewe, kwa heshima zote, kwamba ng'ombe wa marehemu yuko kwa Bartolomayo na mashahidi wapo.

Kuhusu Seth, nitakuambia jambo ambalo wewe huwezi kuliona kwa hasira. Mtoto wa pwani aliyepelekwa huku kwenye vumbi letu, hana samaki, hana nazi, hana hata shangazi, na sanduku la bati halimwamkii mtu asubuhi. Anakucheka kwa sababu ng'ombe alikuja kukutafuta wewe, na yeye hajatafutwa na mtu tangu ashuke kwenye gari la moshi. Jumapili ukienda kumwona Madoa, mchukue. Mke wa Bartolomayo atawapa maziwa ya mgando, Seth atayakunjia uso, atayanywa, na Jumapili ya pili atakuwa mlangoni anakungoja wewe.

Sasa simama uende, jua lisikukute bado unasoma. Lakini ile siku Bwana Mkubwa atakapokuruhusu kumchukua, usiende kumfungua kimyakimya kama mwizi. Pitia pale pale penye gwaride, watu wote wakiwa wamejipanga, na mwite Madoa kwa jina lake, kwa ile sauti yako ya kuimbia.

Akupendaye,
Bibi Stara binti Yahaya
Dodoma mjini