Hadithi ya Tano Bado

Jumapili, 4 Agosti 2019

Joto. Mama ananiita tangu alfajiri, na kila nikifika hajui kaniitia nini. Nimechoka mpaka kwenye kucha.

Mchana nikafunga mapazia, nikamwekea ile filamu yake ya kutisha – wasafiri watano wamekwama nyumba ya wageni, mvua, kila mmoja anasimulia kisa cha mizimu. Filamu ndefu haiwezi tena. Ikifika katikati keshasahau nani mume wa nani. Lakini visa vifupi anavimudu. Kabla hajasahau, kimekwisha! Na mimi navipendea hilohilo. Hofu inakuja, inafanya kazi yake, inaondoka. Ya humu ndani haiondoki.

Kisa cha nne akalala, kama kawaida. Cha tano hatujawahi kukiona.

Ijumaa, 9 Agosti

Mdogo wangu Tadahiko kapiga simu kutoka Osaka. Nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee, karibu na kwake. Atakuja kwa sikukuu ya marehemu, roho zao zinaporudi nyumbani. Tukishawasha moto wa kuwaaga, tarehe kumi na sita, ataondoka na Mama. Mama asiambiwe, anasema, atahangaika bure.

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno. Naona aibu – na naona nafuu. Yote mawili.

Filamu tena. Kati ya kisa na kisa wale wasafiri hurudi, wamekaa tu wanakunywa chai. Mama akanigusa. Yule wa karibu na mlango amekufa, akasema.

“Umejuaje, Mama?”

“Huoni? Wenzake hawamtazami usoni. Wanajua. Wanaona haya kumwambia, basi.”

Filamu nimeitazama mpaka nimeikinai, na hilo sikuwahi kuliona.

Jumanne, 13 Agosti

Mdogo wangu kafika, jasho tupu, anazilaani ngazi zetu. Huku kwetu Onomichi, kilimani, gari huachwa chini, mtu apande kwa miguu yake. Nikampa tango na biringanya atengeneze wanyama wa kuibeba roho ya marehemu Baba. Miguu ya vijiti kaichomeka vizuri, halafu kamweka ng'ombe wa biringanya mlangoni, kichwa kikielekea ndani!

Mama akamchapa mkono. “Mtoto wa mjini wewe! Baba yako aje kwa ng'ombe? Atafika sikukuu imekwisha. Wa kuja ni farasi, huyo tango, aje mbio. Ng'ombe ni wa kurudi, ili aende polepole.”

Jina la mjukuu wake kalisahau, hili kalikumbuka. Tulicheka wote watatu. Muda mrefu nyumba hii haijasikia kicheko.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimefungasha begi la Mama alipokuwa anaoga. Nguo za ndani, dawa, sweta. Nimelificha kabatini kwangu. Mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe.

Mchana tambi baridi. Tadahiko anatazama bakuli lake, mimi natazama langu. Mama anatutazama sisi.

Ijumaa, 16 Agosti

Tumewasha moto wa kuaga mapema, jua likiwaka – Tadahiko anaogopa foleni za barabarani. Tumemgeuza ng'ombe wa Baba aelekee nje. Kumbe kando yake pana ng'ombe mwingine. Biringanya dogo, miguu ya vijiti, mmoja mfupi.

“Huyu wa nani, Mama?” nikauliza.

“Wangu.”

Akatutazama, mmoja, halafu mwingine.

“Siku zote hizi hamnitazami usoni,” akasema. Wala hakukasirika.

Tadahiko akatoka kuvuta sigara. Mama akaenda kuketi mahali pake, akakunja miguu. Weka filamu, Setsu, akasema. Leo silali.

Nimeiweka. Ningefanya nini? Naandika hapa ubavuni pake, daftari gotini. Kisa cha nne kimekwisha sasa hivi na macho yake yako wazi. Wasafiri wanakunywa chai. Yule wa mlangoni ndiye anayekohoa, asafishe koo, aanze chake.

Tadahiko amerudi, begi la Mama mkononi. “Dada, tutachelewa.”

Nimemwambia avue viatu, aje akae.

Amesimama palepale mlangoni. Begi hajaliweka chini.