Sina Binti

Tarehe 4 Februari

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa mvuke. Tunafua mashuka ya hospitali tatu, ukitoka zamu hata kushika kijiko ni kazi.

Nina habari. Kibali changu cha muda cha kufanya kazi kinaisha Juni. Msimamizi wetu amekubali kunidhamini niombe ukaazi wa kudumu. Nikiupata, basi tena kupiga magoti ofisini kila baada ya miaka miwili. Nikiukosa, Juni nafungasha.

Jingine, matapeli wamezidi. Mama wa mwenzangu alipigiwa simu, "mwanao amelazwa, tuma hela haraka," maskini akauza friji. Tafadhali Baba, mtu yeyote usiyemjua akiulizia habari zangu, kana kabisa. Sema hunijui.

Binti yako,
Chiriku

Tarehe 21 Februari

Marahaba mwanangu,

Mimi nipo, na mgongo nao upo. Nyumbani tuko wawili, mimi na redio.

Huyo msimamizi ananitia wasiwasi. Akudhamini bure bure tu, ana nini? Ana mke? Mimi fundi kufuli, Chiriku. Anayenijia na maneno matamu ndiye anayetaka nimfungulie mlango usio wake. Na hilo neno "kudumu" silipendi. Kwa nini wasikupe miaka michache michache? Na huyo mpishi unayeishi naye chumba kimoja, barua ya mwaka jana ulisema ni mkimya. Anaficha nini?

Kuhusu matapeli, usinifundishe kazi. Mbona nakuandikia kwa kalamu? Simu zina masikio.

Baba yako

Tarehe 10 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima. Mimi sijambo.

Msimamizi ni bibi mwenye wajukuu, Baba! Kila akimfundisha mtu ile mashine kubwa ya pasi, kibali cha mtu kinaisha, anaanza upya na mwingine. Amechoka, basi. Na mpishi ni mkimya kwa sababu anarudi amechoka. Maombi nimeshapeleka uhamiaji.

Binti yako,
Chiriku

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi, na leo nina kicheko. Juzi walinipigia! Mwanamke, Kiswahili kimenyooka kama mtangazaji wa redio, anajidai anatoka uhamiaji huko kwenu. Akataja jina lako lote, na la babu yako juu. Eti, wewe ndiye baba yake? Nikamwambia, mama, mimi sina binti. Sijazaa hata paka. Akauliza taratibu, una uhakika? Nikamwambia andika hivyo hivyo, na ukipiga tena nakuitia polisi. Akashukuru, akakata. Hebu niambie, tapeli gani anashukuru!

Nimecheka mpaka mgongo umeniuma upya.

Baba yako

Tarehe 18 Aprili

Baba, shikamoo.

Sijambo, ila silali.

Yule mwanamke hakuwa tapeli. Alikuwa mkalimani wa uhamiaji. Nimeitwa ofisini nikaambiwa mtu niliyemtaja kuwa baba yangu amenikana, kwa hiyo huenda yote niliyosema ni uongo.

Najua, niliyekuagiza ukane ni mimi. Lakini nilikwambia pia nimepeleka maombi. Alitaja jina la babu. Hakukuomba hata senti. Wewe unayemnusa mwizi mlango ukiwa umefungwa, hukushtuka? Au ulishtuka, ukaona hapo ndipo pa kunirudishia nyumbani? Nakuwaza vibaya, Baba, na ninaumia.

Watakupigia tena tarehe sita Mei, kwa video. Nenda kwa dada wa saluni, ana simu nzuri. Hii ndiyo nafasi ya mwisho.

Binti yako, kama unaye

Tarehe 29 Mei

Shikamoo Baba,

U hali gani? Hukunijibu, nikajua hutatokea. Kumbe siku ile nimekaa ofisini, nakuona huyo kwenye kioo cha kompyuta, umevaa koti la harusini na nywele umechanwa na dada wa saluni. Hukujua kama nimo chumbani. Walinikalisha pembeni usinione, nisije nikakudokeza majibu.

Wakauliza watajuaje kuwa wewe ni baba yangu. Ukawaeleza kovu la kidevuni, kufuli lilivyonidondokea nikitambaa chini ya meza yako, ukajishika kidevu chako kuwaonyesha. Afisa akaja kunitazama kidevu. Halafu mkalimani akakuuliza, "Na wewe, unataka abaki huku?" Nikasema moyoni, haya, sasa ataulizia kama afisa ana mke. Wewe ukasema, "Sitaki. Mpeni."

Leo wamenipa. Wenzangu wamenifunika mashuka masafi, msimamizi akafoka, kisha naye akacheka. Nimefurahi sana. Lakini miezi yote hii umemshuku msimamizi, umemshuku mpishi, umeshuku mpaka simu. Kwamba hutaki nibaki, umemwambia mkalimani. Mbona mimi hukuniambia?

Nisamehe kwa nilivyokuwaza.

Chiriku wako

Tarehe 17 Juni

Marahaba Chiriku,

Mimi mzima. Hongera, mwanangu, hongera sana. Mtaa mzima unajua, dada wa saluni hana siri. Mpishi bado simwamini.

Simu ile ya kwanza nilidhani ni tapeli, haki ya Mungu. Ila nilipopata barua yako nilijiuliza mbona nilicheka vile siku nzima. Nikaona aibu, nikashindwa kukujibu.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Ningekuambia, ungerudi.

Baba yako