Mama Nakhumicha, Aliyetufundisha Kushukuru Kabla ya Chai

Mwaka umetimia, Mama, tangu Bwana akuite kutoka nyumbani kwetu Migosi, na bado hakuna anayefungua themosi kabla ya kushukuru.

Ulituzoeza hivyo tangu utoto. Kila mtu mezani alimsifu Mungu kwa jambo aliloliona mwenyewe, na la jana halikukubaliwa. Kuomba kulingoja jioni. "Asubuhi tumsalimie Mungu kwanza," ulisema, "shida zetu anazijua." Mwanao Waswa alipojaribu kukwepa kwa kushukuru kwamba chai haijapoa, ulimjibu kwa upole, "Hiyo ni kweli. Sasa ongeza nyingine."

Pale soko la Nyamasaria ulikouza mchele wa Ahero, ulikaa na uteo magotini ukichambua, na kila jiwe ulilotoa ulilisindikiza kwa "Asante, Bwana." Ulisema hilo halitavunja tena jino la mtu. Dorca wa kibanda cha nyanya, aliyekuita kwa jina la mwanao Terry, alikuchokoza.

"Mama Terry, huyo Mungu wako hachoki na habari za mawe?"

"Wewe humpelekea habari gani?"

"Mimi? Shida tupu."

"Basi mwache apumzike kwangu kidogo."

Dorca alicheka sana. Baadaye akawa anapita kwako kila asubuhi na shukrani yake, kabla hajapanga nyanya.

Mafuriko yalipofunika mashamba ya mpunga ya Kano ukakosa mchele wa kuuza, hukujifanya huumii. Jioni ulilia mbele za Mungu, tukikusikia. Asubuhi ukasema, "Nashukuru, yule mama anayetuuzia mchele amevuka maji salama." Hapo tulielewa kwamba sifa haingoji mambo yanyooke.

Tukueleze pia lililokuwa gumu. Tangu tukuzike, zamu ilipomfikia Baba mezani alisema tu, "Nipiteni." Tukampita. Hatukumlaumu, maana alikuwa ameshukuru kando yako karibu maisha yake yote. Lakini tuliogopa kwamba sauti ile tumeizika pamoja nawe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukichambua mchele wa wageni wa ibada yako ya kumbukumbu. Baba akaomba uteo wako. Macho yake yamefifia, kwa hiyo alipapasa kwa vidole, polepole, mpaka akapata jiwe. Akalishika kwa muda.

"Asante, Bwana," akasema.

Terry aligeuka akaanza kupuliza jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka.

Kesho yake mezani, zamu ilipofika kwake, tulitaka kumpita kama tulivyozoea.

"Leo msinipite," akasema Baba. "Nashukuru kwa mwanamke aliyeninyima chai mpaka nikajifunza kutazama."

Waswa akafungua themosi. Baba ndiye aliyemiminiwa kwanza.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako, Mama. Wanaokuenzi ni mume wako Mzee Wandera, wanao Terry na Waswa, mjukuu wako Cliff, rafiki yako Dorca, na wote mliouza pamoja Nyamasaria.

Kila asubuhi, kabla ya chai, tutakukumbuka.