Mtawa Hakusema Hivyo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Chai imepoa nikiwa nimeishika tu. Nina hasira! Dkt. Gitonga, msimamizi wangu, ameigeuka hoja yetu. Yetu! Ni yeye aliyenifundisha: mtawa wetu wa zama za kati alisema "mti" wa jumla haupo, hilo ni jina tu — kuna mti huu na mti ule. Wala hakusema basi tuyashuku macho yetu. Leo eti mtawa alishuku kila kitu! Kisa? Dkt. Waithera, mtahini wa nje, ndivyo anavyoamini. Gitonga ananitaka niigeuze sura ya nne, yenye hoja hiyo, kabla sijaitetea tasnifu Ijumaa. La sivyo nitaangushwa, na udaktari niusahau. Kigeugeu!

Jumanne, 4 Machi
Nimeusoma tena ule ukurasa wa mtawa wanaoung'ang'ania. Mungu anaweza kutuonyesha kitu kisichokuwepo. ANAWEZA! Waithera anasoma kana kwamba imeandikwa "hutuonyesha". Loo! Mungu anaweza kuifuta Jericho yote, mtaa wangu huu, asubuhi hii. Ameifuta? Jirani anagonga mabati tangu alfajiri, kichwa chaniuma. Na mtawa anaongeza papo hapo: hata angetuonyesha, tungejua kwamba kitu chenyewe hakipo. Sentensi inayofuata tu! Wasomi wazima, hawana macho?

Jumatano, 5 Machi
Kakangu Nzomo kapita na mandazi. Eti: sista, andika vile wanataka, upate hiyo digrii, huyo msee mtawa si alikufa kitambo? Nikamfokea. Akaenda zake na mandazi yake.
Halafu nikafungua kompyuta, nikaandika: "Kwa mtawa, hatuwezi kuwa na hakika ya tunachokiona." Nikaifuta. Nikaiandika tena. Nikaifuta! Ni hasira, na woga pia, nisijidanganye. Miaka sita ya maisha yangu imo humo.

Ijumaa, 7 Machi
Niko koridoni, kwenye benchi. Wamenitoa nje waamue. Waithera kaniuliza: sura ya nne, unaibadilisha au huibadilishi? Siibadilishi! Nikamsomea ile sentensi anayoiruka, kwa sauti iliyopita adabu. Na Gitonga? Anachezea kifuniko cha kalamu. Mtu mzima na ndevu zake! Nilitamani kumrushia tasnifu nzima.

Waithera ametoka kupokea simu. Kakaa benchi hili hili, kanipa mgongo. Nami sigeuki ng'o.

Mlango umefunguka. Ni Gitonga. "Daktari, karibu ndani." Jina hakutaja: ni Waithera, au ni mimi tayari? Anatazama sakafu.

Tumesimama wote wawili.