Jina la Wafula Ndani ya Spika

Jumamosi, Namakwekwe

Yaani mwezi uliopita Wafula alisimama mbele ya kwaya nzima ya kanisa akasema mimi ndiye niliyeiua spika yao. "Huyu mama arudi kwa cherehani yake," aliwaambia huyo fundi mwenzangu wa redio, anayewapigia pia gitaa. Wakacheka.

Leo mwenyekiti wa kwaya ameniletea spika hiyo hiyo. Baada ya maneno yale Wafula aliitengeneza, ikalia wiki mbili, kisha ikaanza kunguruma na kutoa moshi. "Mama Neema, tusaidie tu," akasema, bila kuniangalia usoni.

Nimefungua amplifaya iliyo ndani. Mahali pa fyuzi, ile inayokata umeme ukizidi, Wafula ameweka kipande cha waya! Kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimevimba, ubao umeungua. Kanisa lingeshika moto na watoto wakiwa ndani. Na ndani ya kifuniko, kwa kalamu nene, ameandika jina lake kama kawaida yake.

Nimeitengeneza, inalia vizuri. Naogopa tu isije ikaniaibisha kesho kanisani, maana transfoma imezeeka.

Jina sikulifuta. Ule waya nimeubandika pembeni yake. Kesho nitampa Wafula kifuniko na maiki, awasomee wote jina la fundi aliyeweka waya huo, kwa spika hiyo hiyo.